Dar na Mikumi, Arusha na Ngorongoro, au Nairobi na Mara: siku tano za mji na mbuga

Mtu aliyerudi kutoka likizo ya mji na mbuga atakusimulia hoteli na simba. Muulize ni alfajiri ngapi aliamka akiwa jirani na geti la hifadhi, ataanza kuhesabu kwa vidole, na mara nyingi kidole kimoja kinatosha. Tofauti kubwa ya mipango hii mitatu iko hapo. Simba na chui huhangaika kunapopambazuka na jua linapoelekea kuzama. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri wamejilaza vichakani, na unachokiona ni mkia unaofukuza nzi. Anayelipia siku tatu za hifadhi lakini akaingia kila siku saa 4 asubuhi amelipia kivuli cha mti.

Ulinganisho huu ni wa siku tano na usiku nne, kwa raia wa Afrika Mashariki anayesafiri na familia au marafiki. Mgeni kutoka nje ya ukanda huu atakuta ada zake ziko kwa dola na ni kubwa mara nyingi zaidi, ila barabara na majira ni yale yale.

Vipimo

Kila mpango umepimwa kwa mambo sita: njia (saa za barabarani, maana kilomita hudanganya), mji wenyewe, wanyama na majira yao, pesa inakwenda kwa nani, mahali safari huharibikia, na idadi ya alfajiri utakazozipata ndani ya hifadhi. Ubora wa hoteli umeachwa nje kwa makusudi. Pande zote tatu zina za kila bei, na kitanda kizuri hakirudishi asubuhi iliyopotea.

Dar es Salaam na Mikumi

*Njia.* TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, inahesabu kilomita 283 kutoka Dar, lami mwanzo hadi mwisho, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Kwa hesabu ya haraka utasema saa nne. Weka tano hadi sita: kuna foleni ya Mbezi hadi Kibaha, malori ya Chalinze, na kibao cha mwendo wa 50 kila kijiji, ambako trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hana mzaha. Ukiondoka saa 11 alfajiri utapata chakula cha mchana karibu na geti na mzunguko wa jioni. Ukiondoka saa 3 asubuhi, siku ya kwanza imekwisha. Tangu Juni 2024 ipo njia ya pili, treni ya SGR hadi Morogoro kwa takribani saa mbili, kisha kama kilomita 100 za gari. Treni inakuepusha na foleni, lakini haikupi gari la kuzungukia hifadhini. Hilo likodi mapema, Morogoro au Mikumi mjini. Kumbuka kwamba mji wa Mikumi uko ng'ambo ya hifadhi ukitokea Dar, kwa hiyo dereva wa huko atakuja kukupokea kutoka upande wa pili.

*Mji.* Dar ina bahari, na hapo Arusha na Nairobi hazina jibu. Boti za Mbudya hutoka Kunduchi, za Bongoyo hutoka Msasani. Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho vinatosha kwa nusu siku, na jioni kuna mihogo ya Coco Beach. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana linachosha watoto, basi matembezi ya mjini yafanyike asubuhi.

*Wanyama.* Hifadhi ilianzishwa 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, lakini mgeni wa siku mbili anazunguka zaidi uwanda wa Mkata na bwawa la viboko. Ni uwanda wazi, nyasi fupi wakati wa kiangazi, kwa hiyo hata asiye na darubini anaona twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, tembo, na simba akibahatika. Kifaru hakuna. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya uhakika.

*Pesa.* Mlipwaji ni mmoja, TANAPA, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi. Gari lina ada yake mbali na ya watu. Kwa kuwa barabara ni lami hadi getini, huu ndio mpango rahisi kuliko yote mitatu kwa mwenye gari lake kuumudu bila kampuni ya utalii, kiangazi lakini.

*Panapoharibikia.* Kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Mkata ni mfinyanzi mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kiganja. Ukipata mvua ya nusu saa hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mpira wa miguu, na gari huanza kwenda upande bila kuuliza usukani. Gari dogo wakati wa masika, Machi hadi Mei, halina kazi humo, na hata la magurudumu manne hubaki kwenye njia chache zilizowekwa changarawe. Jambo la pili ni imani kwamba kupita barabara kuu, ambayo hukatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, kunatosha. Utaona swala na pengine tembo, ni kweli. Hutaona uwanda. Na ukimgonga mnyama, faini imeandikwa kwenye mabango ya pembeni, kila mnyama na bei yake.

*Alfajiri.* Mbili, ukilala usiku mbili jirani na geti.

Arusha na Tarangire, pamoja na Ngorongoro

*Njia.* Tarangire iko kilomita 118 kutoka Arusha, lami karibu yote: unapita Makuyuni, unanyoosha kama uendaye Babati, unakata kushoto kwenye kilomita chache za mwisho. Ni saa mbili au mbili na nusu. Ngorongoro unakata kulia Makuyuni, unapita Mto wa Mbu na kupanda hadi Karatu, nayo ni lami mpaka geti la Lodoare. Kwa mtu aliyekwisha kufika Arusha, hizi ndizo barabara nyepesi kuliko zote hapa. Tatizo ni kufika Arusha. Kutoka Dar ni mwendo wa saa 10 hadi 12 kwa basi au saa moja hivi kwa ndege. Kutoka Nairobi kupitia Namanga weka saa tano hadi sita pamoja na mpaka. Anayetoka Dar kwa basi anatoa siku mbili kati ya tano kwa kwenda na kurudi tu.

*Mji.* Arusha ni mji wa kupumzikia. Uko juu, takribani mita 1,400, na jioni ya Juni inataka sweta. Makumbusho ya Azimio la Arusha, Boma la Wajerumani lenye makumbusho ya viumbe na mali asili, soko la vinyago la Wamasai: siku moja inakwisha bila haraka. Uzuri mwingine ni Hifadhi ya Arusha iliyo jirani na mji, yenye maziwa ya Momella na matembezi ya miguu pamoja na askari wa hifadhi. Watoto waliochoka kukaa ndani ya gari hufurahia hapo kuliko kwenye Kreta ya Ngorongoro, lile shimo kubwa la volkano ya kale.

*Wanyama.* Hapa pana mambo mawili yasiyofanana. Tarangire ni ya tembo na mibuyu, na ni ya msimu. Julai hadi Oktoba, maji yanapobaki mtoni tu, makundi ya tembo huteremka kunywa, hata mchana. Ndiyo maana Tarangire ya kiangazi inasamehe aliyechelewa. Masika yakifika, nyumbu na pundamilia wengi hutoka nje ya hifadhi kuelekea nyanda za Simanjiro, na aliyekuja Aprili hukuta majani marefu na ndege wengi.

Kreta ya Ngorongoro ni kinyume: kilomita za mraba 260 za sakafu, kuta za mita kama 600, maji mwaka mzima, na wanyama wako humo mwaka mzima. Kwa Tanzania ndiyo nafasi bora ya kumwona kifaru mweusi, ingawa mara nyingi ni doa jeusi mbali kwenye nyasi, na bila darubini utabishana na dereva kama ni kifaru au nyati. Twiga hutamwona chini. Wako juu, nje ya kuta.

*Pesa.* Walipwaji ni wawili: TANAPA kwa Tarangire, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa Kreta. Stakabadhi ya mmoja haimhusu mwingine. Kuteremka Kreta kuna ada ya ziada inayotozwa kwa gari, si kwa kichwa. Watu sita ndani ya gari moja wanagawana, wawili wanaibeba wenyewe. Ukipewa bei ya kampuni, uliza neno kwa neno kama ada ya kuteremka imo. Ndiyo inayosahaulika mara nyingi kwenye bei inayoonekana rahisi.

*Panapoharibikia.* Kwenye saa. Anayelala Karatu huamka saa 11, hufika Lodoare saa 12 geti linapofunguliwa, husubiri karatasi, kisha hupanda ukingo na kuuzunguka hadi barabara ya kuteremkia ya Seneto. Kufika sakafuni ni saa 1 na nusu au saa 2. Ile alfajiri uliyoamkia imekwenda nusu, mara nyingine ukiwa ndani ya ukungu mzito wa ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu, mikono imekufa kwa baridi. Anayelala ukingoni anaokoa saa nzima, kwa kulipa zaidi. Na gari lisilo la magurudumu manne haliruhusiwi kuteremka, hata jua liwake vipi. Huko Tarangire adui ni ndorobo, yaani mbung'o, nzi wanaouma: ukivaa nguo ya bluu iliyoiva au nyeusi watakuandama wewe na kumwacha jirani yako.

Kishawishi kingine ni kuongeza Serengeti. Ndani ya siku tano zenye mji, usiongeze. Utaiona kupitia dirisha la gari linalokwenda mbio.

*Alfajiri.* Moja na nusu. Mbili kamili ukilala usiku mmoja jirani na geti la Tarangire na mwingine ukingoni mwa Kreta, lakini hapo Arusha inabaki na muda mchache.

Nairobi na Maasai Mara

*Njia.* Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Sekenani: saa tano hadi sita. Lami siku hizi inakufikisha karibu na geti la Sekenani, jambo ambalo miaka kumi iliyopita lilikuwa ndoto. Mteremko wa Mai Mahiu una malori yanayotambaa, na ajali moja inaufunga kwa saa nyingi, hivyo toka Nairobi kabla ya saa 12 asubuhi. Mwenye uwezo anaruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kwa chini ya saa moja. Ndege hizo ni ndogo na mzigo ni kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini. Sanduku gumu la magurudumu linaweza kuachwa uwanjani.

*Mji.* Nairobi ndio mji pekee hapa ambao una mbuga ndani ya mipaka yake. Nairobi National Park, iliyoanzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, lakini ndani yake kuna simba, nyati, twiga na vifaru, na maghorofa yanaonekana nyuma yao. Tembo hakuna. Ukiwa getini saa 12 asubuhi, saa 5 umekwisha kutoka na unaweza kwenda kuona watoto wa tembo kwenye kituo cha Sheldrick, kinachopokea wageni kwa saa moja tu mchana na kwa nafasi zilizowekwa mapema. Kituo cha twiga cha Lang'ata hakiko mbali. Yaani asubuhi moja ya mjini inakupa kile ambacho kwingine kinataka siku nzima ya safari. Bei yake ni foleni. Kupanga mambo mawili katika pande mbili za Nairobi kwa alasiri moja ni kujidanganya.

*Wanyama.* Mara, kilomita za mraba 1,510, ina paka wakubwa kwa wingi, na hiyo haina msimu. Uhamaji wa nyumbu una msimu: kwa kawaida Julai hadi Oktoba makundi yako upande wa Kenya, na huvuka Mto Mara kufuata mvua na majani. Hakuna ratiba. Gari linaweza kukaa ukingoni saa nne, nyumbu elfu wamesongamana, wa mbele ameshusha kwato majini, kisha mmoja akashtuka na kundi zima likageuka kwenda kula. Kama uvukaji ndio sababu pekee ya safari yako, usiku mbili ni kamari.

*Pesa.* Mara ni ya Kaunti ya Narok, si ya shirika la taifa la wanyamapori, KWS, linalosimamia mbuga ya Nairobi. Malipo ni mawili, kwa njia mbili. Ada ya Mara hupanda kuanzia Julai hadi Desemba. Tiketi ni ya siku, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na anayelala ndani anapaswa kuwa nje kabla ya saa 4 asubuhi siku ya kuondoka, la sivyo analipa siku nyingine. Hapo familia nyingi hulipa bila kutarajia, kwa sababu ya kifungua kinywa kirefu.

*Panapoharibikia.* Kwenye makaratasi na kwenye msongamano. Mtanzania abebe pasipoti au hati halali ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na Mkenya anayekwenda Arusha vivyo hivyo. Magari ya watalii hayavuki mpaka na kuingia hifadhi za upande wa pili, basi abiria hubadilisha gari. Na usipange kupita Serengeti kuingia Mara moja kwa moja, kwani njia hiyo imefungwa kwa watalii. Utazunguka hadi mpaka wa Sirari na Isebania. Agosti, msongamano wa magari mtoni ni mkubwa. Mvua ikinyesha, vani za kawaida hunasa, na Land Cruiser ndiyo inayorudi kambini ikiwa imewavuta wengine.

*Alfajiri.* Tatu: mbili Mara, moja Nairobi. Ndiyo nyingi kuliko zote, lakini zinakuja na saa 10 hadi 12 za barabara kwa kwenda na kurudi.

Kabla hujalipa popote

Gari na dereva ndicho kifungu kizito, na kinagawanyika kwa vichwa. Tuseme, kwa mfano tu, gari ni laki sita kwa siku: wawili wanatoa laki tatu kila mtu, sita wanatoa laki moja. Ndiyo maana wenzi wawili wanaolalamikia bei mara nyingi wangepata nafuu kwa kuungana na wengine kuliko kwa kushusha hadhi ya hoteli. Ila mkiungana, ulizeni idadi ya madirisha. Kila mtu awe na lake, asikae mtu katikati.

Fedha taslimu getini haitegemewi, Tanzania wala Kenya. Lipieni mapema kwa namba ya malipo au mtandaoni, maana siku ambayo mtandao umekatika getini ndiyo siku ambayo simba wako barabarani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Kenya imeongeza chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi tangu 2020, kwa hiyo beba chupa ya chuma.

Usiku wa mwisho uwe mjini, mpango wowote utakaochagua. Pancha mbili na mvua moja zinatosha kukukosesha ndege ya saa 10 jioni, na hakuna kampuni itakayokulipa tiketi.

Kwa hali yako

Una gari lako, watoto wadogo, bajeti ya kawaida na mnakaa Dar au Morogoro: Mikumi, kati ya Juni na Oktoba, usiku mbili mbugani na mbili ufukweni. Ikiwa likizo yenu ni ya Aprili, geuzeni: mji uchukue siku tatu, na Mikumi iwe ya kukodi gari lenye dereva anayejua njia za changarawe.

Mko watu watano au sita mnaotaka kumwona kifaru na hamjali kuamka usiku: Arusha na Kreta. Likizo ikiangukia miezi ya mvua, acheni Tarangire na mweke usiku wa pili ukingoni, kwa kuwa Kreta haiwategemei wanyama wa msimu. Mnaotoka Dar mkikosa nafasi ya ndege, ongezeni siku ya sita au mrudi kwenye Mikumi.

Mna siku tatu tu, au kuna mzee asiyevumilia barabara: Nairobi peke yake, mbuga ya mjini alfajiri, Sheldrick mchana, bila Mara. Mtu anayetaka tembo wengi na Kilimanjaro nyuma yao badala ya simba anaweza kuiacha Mara na kuchukua Amboseli. Treni ya Mombasa inayosimama vituo vya kati hushusha Emali, na gari la kukodi humpokea hapo.

Na anayetaka simba, duma na pengine uvukaji, mwenye pasipoti tayari na mgongo wa kuhimili Narok mara mbili: Mara, mwisho wa Agosti au Septemba, usiku tatu badala ya mbili, na mbuga ya Nairobi aiweke asubuhi ya siku ya mwisho, baada ya usiku wa mjini.